Paukwa Inapokosa Pakawa

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga mashariki mwa Kongo, msimulizi aitwaye Candi Rureke alikubali kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: kuusimulia utendi wa Mwindo wote, tangu mwanzo hadi tamati, siku baada ya siku. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika kwa mkono walichokisikia. Rureke hakukaa kitako akasimulia. Aliimba, akacheza, akamwigiza Mwindo, mtoto aliyezaliwa huku anatembea na kusema, akamwigiza na baba mtu, Shemwindo, mtawala wa Tubondo aliyewakataza wake zake kumzalia mtoto wa kiume. Vijana waligonga vijiti kushika mapigo, na waliomzunguka waliitikia nyimbo na kumtia moyo. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, kikiwa na majina ya Biebuyck na Kahombo Mateene, kilibeba maelezo ambayo ni rahisi kuyapita: Rureke mwenyewe alisisitiza kwamba hajawahi kuutoa utendi huo wote kwa mfululizo. Katika maisha ya kawaida ya Wanyanga ulisimuliwa vipande vipande, mara tukio hili, mara tukio lile.

Maelezo hayo hunijia kila ninaposikia wazee na walimu wetu wakilalamika kwamba mitandao ya kijamii inayakatakata mapokeo. Lalamiko lao lina ukweli. Video ya dakika moja na nusu haiwezi kubeba safari za shujaa kwenda kuzimu na mbinguni. Lakini kipande peke yake hakijawahi kuua utendi. Mnyanga aliyesikia jinsi Mwindo alivyofungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni alikuwa amekwisha kumjua Shemwindo na chuki yake, alimjua shangazi Iyangura ambaye mtoto alikuwa akimwendea, na mwisho wa mambo aliujua. Alipokipokea kipande alikiweka mahali pake, kwa kuwa utendi mzima ulikuwa kichwani mwake tangu utotoni. Kijana anayekutana na kipande hichohicho kwenye simu, kati ya tangazo la bia na kichekesho, hana pa kukiweka. Anakipenda, anakituma kwa wenzake, kisha kinapita. Urefu haukuwa tatizo lake. Alichokosa ni watu wa kumwambia kilichotangulia na kitakachofuata.

Ndiyo maana naona swali linaloulizwa kila mara, kama mitandao inahifadhi mapokeo au inayaua, limeulizwa vibaya. Kila mapokeo yana kiungo kinachoyashikilia. Kwa wengine kiungo hicho ni mwitikiaji, kwa wengine ni jina la mtunzi, kwa wengine ni mlango uliofungwa. Simu huchukua sauti na sura kwa uaminifu mkubwa, ila kiungo hicho mara nyingi hubaki nje ya fremu. Na kwa kuwa hakifanani kutoka jadi moja hadi nyingine, hasara nayo haifanani. Yako mapokeo yaliyoingia mtandaoni yakanawiri, na yako mengine ambayo siku yanapowekwa hadharani ndiyo siku yanapokoma kuwa yale yaliyokuwa.

Ngano ndiyo inayorekodiwa sana, na kwa maoni yangu ndiyo inayoumia sana. Pwani, mtambaji huita "Paukwa!" na waliokaa humjibu "Pakawa!" Bara utasikia "Hadithi, hadithi!" na jibu lake "Hadithi njoo!" Kitendawili nacho hakitegwi mpaka mwenzako aseme "Tega!", na akishindwa kukitegua hana budi kukupa mji kabla hujamwambia jibu. Wito huo ndio mkataba wa kikao. Anayeitikia anakubali kuyaacha ya mchana nje ya mlango, anakubali kwamba fisi atasema na zimwi litakula watu, na mtambaji naye anapata kujua ana wangapi walio macho. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka kwenye jarida la Mulika mwaka 1989, alishikilia kwamba utanzu haujulikani kwa maneno yake pekee. Ni lazima umtazame fanani, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ukiondoa kimojawapo, kilichobaki huenda kikawa kitu kingine chenye maneno yaleyale.

Itazame video ya kawaida ya siku hizi. Bibi amekaa kwenye mkeka, kanga kajitanda, nyuma yake ukuta wa nyumba. Anaita "Paukwa!" Mbele yake yuko mjukuu mmoja, ambaye ndiye hadhira yote aliyonayo, lakini mjukuu kashika simu kwa mikono miwili na pumzi kazibana, asije akaingiza sauti yake kwenye rekodi. Bibi anangoja. Hapana jibu. Anajiitikia mwenyewe kwa sauti ya chini, kisha anaendelea, haraka kidogo kuliko kawaida, macho yake yakihama kutoka usoni kwa mtoto kwenda kwenye kioo cha simu. Nimeziona video za namna hii nyingi, na zinanitia uchungu kwa sababu aliyezipiga ana nia njema kabisa. Ameacha starehe zake, amemkalia bibi yake, anataka dunia imsikie. Na katika kufanya hivyo amenyamazisha mdomo pekee uliokuwa na haki ya kujibu.

Watu wataitikia baadaye, bila shaka. Chini ya video kutajaa mioyo, makofi na "bibi yangu naye alikuwa akitusimulia hii". Si jambo la kudharauliwa. Wako wanaoikumbuka ngano nzima kwa kuona kipande, na wako wanaosahihisha, "kwetu sungura ndiye aliyetumbukia kisimani, si fisi". Masahihisho hayo yana thamani kubwa, na mtafiti wa zamani angetembea miezi kuyapata. Lakini hayamfikii bibi. Yeye amekwisha kwenda kulala. Katika kikao cha kweli mtoto akisinzia hadithi hufupishwa, mtoto akiogopa zimwi hulainishwa, mkubwa akicheka kisa huongezwa chumvi. Ngano hukua kwa kugusana huko, na iliyowekwa mtandaoni haiguswi tena. Inabaki kama ilivyosemwa siku hiyo, mbele ya mtoto aliyebana pumzi.

Redio ilikwisha kutupitisha kwenye njia hii. Watanzania waliokua wakisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam wanaikumbuka sauti ya Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana. Naye alikuwa akisema peke yake mbele ya kipaza sauti, wala hakumwona mtoto hata mmoja kati ya maelfu waliomsikiliza. Ila redio ilikuwa moja nyumbani, na saa ya kipindi ilikuwa moja kwa nchi nzima. Watoto walikusanyika, wakaambiana nyamaza, wakatishana, na kesho yake shuleni wakasimuliana upya kwa maneno yao. Mwitikio ulihamia sebuleni na uwanja wa shule. Leo rekodi za vipindi hivyo zinazunguka mtandaoni, na wanaozitafuta ni watu wazima. Mtoto wao yuko chumba cha pili na simu yake, masikio yamezibwa, akitazama kitu kingine kilichochaguliwa kwa ajili yake yeye tu.

Kuna na suala la wakati, ambalo jadi nyingi zililishika kwa ukali kuliko tunavyokumbuka. Wazulu waliwaambia watoto kwamba anayesimulia ngano mchana huota pembe. Wadiné, ambao wengi huwaita Wanavajo, wa kusini-magharibi mwa Marekani, huzisimulia hadithi za Coyote, mnyama mjanja wa ngano zao, wakati wa majira ya baridi tu, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Ngurumo ya kwanza ya mwaka ikisikika, kinywa hufungwa. Kwa Mzulu katazo lililinda kazi ya shamba. Kwa Mdiné sababu inakwenda mbali zaidi: hadithi ina nguvu, na nguvu ina majira yake. Mtandao hauna usiku wala baridi. Mdiné anayepakia hadithi ya Coyote mwezi Desemba hawezi kuizuia isichezwe mwezi Julai, na wapo ambao kwa sababu hiyo hawaipakii kabisa. Sisi tuliokuwa na katazo jepesi tulilisahau bila hata kulijadili.

Ushairi ni habari nyingine, na hapa nasema kwa furaha. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa mpaka William Taylor na Mwalimu Sikujua walipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940. Yalidumu kwa sababu yalijilinda. Msomaji akisahau neno, kina kinamrudisha. Akiongeza neno, mizani inamsuta. Na mengi yake yalitungwa yajibiwe. Shairi la Kiswahili la kujibizana ni swali linaloruka kutoka mji hadi mji likingoja mwenye kulimudu, kwa vina vilevile na bahari ileile. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze kutoka Tanganyika mwaka 1923, kurasa za mashairi ziliendesha majibizano ya namna hiyo, na mtu wa Tanga aliweza kungoja wiki kadhaa kujua kama mtu wa Mombasa kamjibu. Leo katika grupu la WhatsApp la washairi swali linarushwa baada ya Isha, na kabla ya alfajiri lina majibu matatu, moja kutoka Pemba, moja kutoka Mombasa, moja kutoka kwa mtu anayefanya kazi Muscat. Hapa mtandao haukuondoa kiungo chochote. Umekikaza.

Wala halikuwa jambo la ghafla. Katika kampeni za uchaguzi za miaka ya 1974 na 1975 huko Lamu, washairi wa pande mbili walipigana kwa tungo zilizojulikana kama kimondo. Tungo hizo zilirekodiwa kwenye kaseti na kupigwa mitaani na majumbani. Upande mmoja ukitoa kaseti, upande wa pili ulikuwa tayari umekaa kutunga jibu. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa Lamu, alikuwa miongoni mwa waliotunga wakati huo, na utungo wake wa wosia kwa mabinti, Wasiya wa Mabanati, wa mwaka 1974, nao ulienea kwa kaseti. Mtunzi hakulazimika kuwa msomaji. Mwenye sauti nzuri aliazimwa. Ukiyajua haya hutashangaa kwamba watu wa pwani waliupokea ujumbe wa sauti wa WhatsApp bila kufundishwa na mtu.

Jirani zetu Wasomali walifanya hivyohivyo, na kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1979 Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu Gaarriye, alianzisha mlolongo wa mashairi ulioitwa Deelley, kila shairi likishika herufi ya D mstari kwa mstari, likikemea ukabila chini ya utawala wa Siad Barre. Hadraawi alijiunga, na washairi wengine wengi wakafuata, huku kaseti zikinakiliwa kutoka mkono hadi mkono mpaka ughaibuni. Takriri ya herufi moja ilifanya kazi ileile ya vina vyetu: kulibadili neno bila kugundulika ilikuwa shida. Lakini Wasomali walikuwa na ulinzi wa pili ambao nautamani kwa moyo wote. Katika desturi yao, kama B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis walivyoeleza katika kitabu chao cha mwaka 1964, anayelighani shairi la mwenzake hana ruhusa ya kulibadilisha, na analazimika kulitaja jina la aliyelitunga. Tungo za Sayyid Maxamed Cabdille Xasan, aliyefariki mwaka 1920, zilitufikia kwa vinywa vya watu waliozihifadhi kwa amana ya namna hiyo, miongoni mwao Xuseen Dhiqle, mpaka Jaamac Cumar Ciise alipozikusanya kitabuni. Lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi kabla ya mwaka 1972. Haki ya mtunzi iliishi kwenye adabu ya msomaji.

Kwetu jina la mtunzi hukaa pengine. Mshairi wa Kiswahili hulitia ndani ya utungo wenyewe, kwenye beti za mwisho: jina au lakabu yake, mji anaokaa, na katika tenzi za kale mara nyingi hata tarehe ya kumaliza. Ilikuwa sahihi ambayo hakuna mnakili angeiacha, kwa kuwa ilikuwa na vina na mizani kama beti nyingine. Sasa fikiria mtu anayeiandaa klipu. Ana shairi la beti 12 na nafasi ya beti nne. Atachukua za mwanzo, zenye moto, au za katikati, zenye methali kali. Za mwisho hatazichukua hata siku moja. Kwa mkato mmoja, bila nia mbaya, jina limeng'oka, na juma moja baadaye utalikuta shairi lilelile likizunguka chini ya maneno "wahenga walisema", au vibaya zaidi, chini ya picha ya mtu aliyelisoma tu. Kwa Msomali jina humtoka msomaji kabla ya shairi, hivyo angalau mkato wa mwisho haumwibii mtunzi wake. Nashauri washairi wetu wajifunze hapo. Semeni jina mwanzo, kwa mdomo, kabla ya beti ya kwanza, hata kama limo pia katika beti ya tamati.

Nimeyataja mapokeo yanayotaka kusikika. Yapo yasiyotaka, na hapa ndipo shauku yetu ya kuhifadhi inapoweza kugeuka dhuluma.

Huko Kangaba, nchini Mali, kuna nyumba iitwayo Kamablon. Kila baada ya miaka saba paa lake huezekwa upya, na usiku wa sherehe hiyo majeli, yaani waghani wa jadi, wa ukoo wa Diabaté kutoka kijiji cha Kela huingia ndani na kuighani habari ya Sunjata, mwanzilishi wa himaya ya Mali, na nasaba za Wamande. Wageni hawaingii, na kurekodi hairuhusiwi. UNESCO iliitia sherehe hiyo kwenye orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2009, na mlango ukaendelea kufungwa. Wakati huohuo Sunjata yuko kila mahali. Mamadou Kouyaté alimsimulia D. T. Niane simulizi iliyochapishwa kitabuni mwaka 1960. Majeli wengine wameiimba redioni, kwenye kaseti, na sasa kwenye YouTube. Wamande hawaoni mgongano. Kuna Sunjata wa uwanjani na kuna Sunjata wa ndani, na yule wa uwanjani anapata uzito kwa sababu kila msikilizaji anajua kuna ambayo hajaambiwa. Siku mtu atakapopenyeza simu ndani ya Kamablon na kurusha sauti, atakuwa amepata saa kadhaa za rekodi na ameharibu kilichozifanya ziwe na maana.

Wawarumungu wa Tennant Creek, kaskazini mwa Australia, walikabili suala hilo kwa njia ya ufundi. Kwa kushirikiana na mtafiti Kimberly Christen walijenga hifadhi ya kidijitali iliyofunguliwa mwaka 2007, ambayo baadaye ikawa programu ya bure iitwayo Mukurtu, inayotumiwa na jamii nyingine nyingi za wenyeji. Mtu anapoingia, hifadhi inajua ukoo wake, jinsia yake na nchi anayotoka, na humfungulia yale tu ambayo wazee wangemfungulia ana kwa ana. Kuna ya wanawake peke yao, kuna ya wanaume peke yao, na picha za waliofariki hutangulizwa na onyo, kwa kuwa kuzitazama kuna adabu yake. Linganisha na Facebook, inayomwona kila mtu duniani kuwa ana haki sawa ya kuona kilichowekwa hadharani, na inayomlipa kwa umaarufu yule anayefichua zaidi.

Hatuhitaji kwenda Mali wala Australia kuona mlango ukivunjwa. Nyimbo za unyago, ambazo mwari alifundishwa na somo wake ndani, kwa mafumbo, kwa umri wake na kwa siku zake, sasa zinarekodiwa na kurushwa kwenye mitandao, na wanaume wa miji ambayo unyago haukufika wanazitazama kwa kicheko. Wanaozirusha husema wanadumisha mila. Sikubaliani nao. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alipanda majukwaani sehemu nyingi za dunia na ngoma yake, na bado alijua lipi la jukwaani na lipi la chumbani. Fumbo la unyago limetungwa ili lisieleweke na asiyepaswa. Likishatazamwa na watu laki mbili limekwisha kazi yake, na mwari wa kesho atakuwa amekwisha kuliona likiwa mzaha kabla somo hajafungua kinywa.

Hata yale yaliyo wazi yanakutana na shida moja ambayo sisi waandishi wa Kiswahili tunapaswa kuisema bila kuzunguka, kwa kuwa inatuhusu. Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 120. Kijana wa Bukoba anayetaka watazamaji hataweka masimulizi kwa Kihaya. Ataweka kwa Kiswahili. Kisa kitafika mbali, na kilichokuwa kinakibeba kitabaki. Mulokozi aliyetajwa hapo juu aliandika tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya utendi wa Wahaya unaoghaniwa kwa nanga, ala yao ya nyuzi, ambamo msanii hughani habari za mashujaa kina Rukiza na Kachwenyanja huku vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi. Nanga na Kihaya vinafumana: kupanda na kushuka kwa sauti ya maneno kunafuatana na nyuzi, na pale mwimbaji anaponyamaza nyuzi ndizo zinazoendelea kusema. Ukikihamishia kisa Kiswahili, ukaweka na muziki wa kompyuta nyuma yake, umemwokoa Kachwenyanja na umemzika mpiga nanga. Dawa yake si ngumu. Acha sauti iwe ya Kihaya, tia Kiswahili kwa maandishi chini ya picha. Simu za leo zinafanya hivyo bure.

Wamaori wa kaskazini kabisa mwa New Zealand walilitazama jambo hili kwa jicho la muda mrefu. Te Hiku Media, redio ya jamii yao iliyopo Kaitaia, ilikuwa na rekodi za miongo kadhaa za wazee waliokua na Kimaori tangu tumboni. Badala ya kuzimimina kwenye majukwaa ya makampuni makubwa, walijenga jukwaa lao wenyewe na kuandika leseni inayosema kwamba wao ni walinzi wa sauti hizo kwa niaba ya jamii, na kwamba anayezitumia azitumie kwa faida ya watu waliozitoa. Mwaka 2018 waliwaita wananchi wasome sentensi za Kimaori kwa kurekodiwa. Ndani ya siku 10 watu wapatao 2,500 walitoa zaidi ya saa 300 za sauti, zilizotumika kuifundisha kompyuta kukisikia Kimaori. Mitandao ya kijamii ilitumika kuwaita watu. Ghala lilikuwa nyumbani.

Ghala ndilo tusilolifikiria. Mwezi Machi 2019 ilijulikana kwamba Myspace, mtandao uliokuwa mkubwa kuliko yote katikati ya muongo wa 2000, umepoteza karibu muziki wote uliopakiwa kati ya mwaka 2003 na 2015 wakati wa kuhamisha mitambo; inakadiriwa ni nyimbo milioni 50. Vine ilifungwa mwaka 2017, Google+ mwaka 2019. Rureke aliandikwa kwa kalamu na karatasi, na kitabu chake ninaweza kukifungua leo. Anayemrekodi babu yake na kuiacha rekodi Facebook peke yake ameikabidhi kwa mtu ambaye hakuahidi kuitunza.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye simu na mzee nyumbani. Mwombe ruhusa kwanza, na umweleze kwamba watakaomsikia ni wengi asiowafahamu. Simu iweke juu ya kigoda, iegemeze, iache. Keti mkekani pamoja na watoto wawili watatu, na mzee akiita, itikieni kwa sauti, hata kama rekodi itachafuka. Mwache aanze kwa kutaja jina lake, kijiji chake na aliyemsimulia yeye. Mwache aseme kwa lugha yake, na asikatizwe mpaka amalize mwenyewe. Rekodi nzima inakili mahali pawili, kisha nakala moja ipeleke maktaba ya wilaya au chuo kilicho karibu. Ukimaliza hayo, rusha kipande mtandaoni, uandike jina lake mwanzo kabisa na uoneshe rekodi nzima inapatikana wapi. Na mahali popote atakapokwambia uzime simu, izime.